Waliolinda msitu wa Raini wakafungiwa nje

Kuna picha inayopita mitandaoni mara kwa mara: wanawake wa milimani huko India wameukumbatia mti, na chini yake pameandikwa maneno ya kusifu mazingira. Naipenda picha hiyo, lakini huniuma pia. Imewageuza watu wa Chamoli kuwa pambo, na jambo walilolidai limesahaulika.

Chamoli ni wilaya ya kaskazini mwa India, katika jimbo la Uttarakhand, nayo inapakana na Tibet. Iliundwa mwaka 1960 kwa kumegwa kutoka wilaya ya Garhwal, na sensa ya 2011 ilikuta humo watu 391,605. Hekalu la Badrinath liko huko, na mlima Nanda Devi wenye mita 7,816. Kwa wenyeji mlima huo ni mungu wao wa kike, na zaidi ya hapo ni binti yao aliyeolewa mbali. Wanapofanya ile hija yake ya miguu wanamsindikiza kwa mumewe, na nyimbo zao ni za kumuaga mtoto wa kike.

Katika bonde la Niti wanaishi Wabhotia. Kwa vizazi vingi waliswaga kondoo na mbuzi waliobebeshwa vifuko vya nafaka, wakavuka milima hadi Tibet na kurudi na chumvi na sufu. Vita vya India na China vya mwaka 1962 vilifunga mpaka, na biashara ile ikafa. Lilikuja jeshi, zikaja barabara, na kwenye barabara hizo wakapita wafanyabiashara wa mbao. Wanaume wengi waliteremka mabondeni kutafuta kazi. Mashamba, mifugo, kuni na majani ya ng'ombe vikabaki mikononi mwa wanawake. Mwaka 1970 mto Alaknanda ulifurika ukabeba madaraja na nyumba, na wanavijiji waliona wenyewe jinsi miteremko iliyokatwa miti ilivyoporomoka.

Kisa cha mwaka 1973 ndicho ninachotaka msomaji akishike. Chama cha ushirika cha mji wa Gopeshwar, alichokuwamo mwanaharakati Chandi Prasad Bhatt, kiliomba miti michache, mti mgumu na mwepesi ambao watu wa huko huchongea nira na zana za shamba. Serikali ilikataa. Muda si mrefu miti ya aina hiyo hiyo ikagawiwa kampuni ya vifaa vya michezo ili itengenezwe raketi za tenisi. Mkulima amenyimwa nira, na mtu wa mbali asiyemjua amepewa raketi! Hapo ndipo lilipozaliwa neno Chipko, yaani ng'ang'ania, jina la harakati ya wanavijiji ya kuikumbatia miti ili isikatwe. Swali lao lilikuwa moja: msitu huu ni wa nani?

Machi 26, 1974, wanaume wa kijiji cha Raini walikuwa wameitwa mjini kufuatilia fidia ya ardhi iliyochukuliwa na jeshi. Siku hiyo hiyo wakata miti wakaingia. Binti mmoja aliwaona, akakimbia kumwambia Gaura Devi, mjane aliyekuwa akiongoza kikundi cha wanawake kijijini. Yeye na wenzake 27 hivi wakapanda msituni na kuwazuia, ingawa walitukanwa na kuonyeshwa bunduki. Wakakesha wakilinda njia. Gaura Devi aliuita msitu ule maika, neno ambalo mwanamke aliyeolewa hulitumia kwa nyumba ya wazazi wake, pale anapokimbilia akizidiwa. Sijui neno jingine ambalo lingesema zaidi ya hilo.

Wakata miti waliondoka, tume ikaundwa, na ukataji ukapigwa marufuku katika eneo hilo. Wasimuliaji wengi huishia hapo. Kwangu mimi uchungu unaanza hapo.

Mwaka 1982 eneo la Nanda Devi lilifanywa hifadhi ya taifa. Watu wa Raini na Lata, kijiji alikozaliwa Gaura Devi, wakazuiwa kuchunga na kuchuma dawa huko juu, na kazi ya kubeba mizigo ya wapanda mlima ikakoma. Waliolinda nyumba ya mama yao wakafungiwa nje ya mlango wake. Hali hiyo haikuwazuia wengine kujenga mtambo wa umeme kwenye mto Rishiganga, pale pale Raini.

Februari 7, 2021, bonge la mwamba na barafu lilimeguka mlimani, likashuka na kuusomba mtambo huo pamoja na mwingine mkubwa uliokuwa ukijengwa Tapovan. Watu zaidi ya 200 walikufa au kupotea, wengi wao vibarua. Wanakijiji wa Raini walikuwa miongoni mwa waliofungua kesi Mahakama Kuu ya jimbo wakitaka miradi hiyo isitishwe. Julai mwaka huo kesi ilitupwa, na kila mlalamikaji akaamriwa kulipa rupia 10,000. Naona ni aibu kubwa kumtoza mtu fedha kwa kulilia kijiji chake, tena kijiji ambacho nchi nzima inajivunia jina lake.

Mwezi mmoja kabla ya hukumu hiyo ardhi ilikuwa imeporomoka na barabara ya Raini ikakatika. Ili ipatikane njia mpya, sanamu ya Gaura Devi iling'olewa ikapelekwa kuhifadhiwa mji wa Joshimath. Tangu mwaka 1976 tume ya serikali ilishaonya kwamba Joshimath umekaa juu ya kifusi cha maporomoko ya kale, kwamba milima isilipuliwe wala miti isikatwe karibu nao. Januari 2023 nyumba na majengo zaidi ya 800 mjini humo yalikuwa na nyufa, na familia zilikuwa zikibeba magodoro kwenda kulala kwingine.