Msiing'arishe Bastola ya Mzee

Wiki iliyopita nilitoka kwa fundi mmoja wa silaha hapa Ohio nikiwa na hasira hadi mke wangu akaninyang'anya funguo za gari. Fundi hakunitusi. Alikuwa mpole, hata kahawa alitukaribisha. Aliipokea bastola ya marehemu babu yake mke wangu, akaigeuza mara mbili chini ya taa, akakwaruza kutu kwa ukucha, kisha akakata shauri: itapulizwa mchanga, itasagwa kwa gurudumu, itapakwa nikeli, na mwezi ujao tutakabidhiwa kitu kinachong'aa kama kijiko cha harusi. Shemeji yangu akachekelea. Mimi nikaichukua pale mezani, nikaifunga kwenye taulo yake, nikatoka.

Siku sita nimelala na kuamka na jambo hili.

Mzee alikuwa mlinzi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alilinda lango la kiwanda cha matairi kule Akron, zamu ya usiku, na bastola hii ilining'inia kiunoni mwake. Viwanda vilivyohudumia vita viligawiwa silaha za walinzi, naye yake ilikuwa Smith & Wesson ya .38 (kipimo cha risasi yake), aina waliyoiita Victory, yaani Ushindi. Namba yake inaanza na herufi V, na herufi hiyo ilianza kupigwa mwaka 1942. Hapa nitaje jambo ambalo halina uhusiano na kutu, ila nikiitaja Akron siwezi kulisahau: Wajapani walipoichukua nchi ya Malaya huko Asia, kulikotoka mpira mwingi, mpira uliadimika duniani, na huko kwetu mkoani Tanga mashamba ya mpira yaliyoachwa na Wajerumani yakafufuliwa, watu wakapelekwa kugema kwa lazima. Mlinzi wa matairi huku, wagema mpira kule, vita vilevile. Ninapoishika bastola hii namfikiria mzee ambaye sikumwona, na nawafikiria wale nao.

Turudi kwenye nikeli. Bastola za Victory hazikung'aa hata siku moja. Kiwanda kule Springfield, Massachusetts, kiliacha kuzing'arisha kwa sababu vita vilikuwa vinakimbiza kila mtu. Zilipewa ngozi ya kijivu ya fosfeti, iliyofifia kama jivu la mkaa, na mpini wa mti wa jozi usio na nakshi, na kipete chini yake cha kufungia kamba. Kwa hiyo anayeipaka nikeli haurudishi ujana wake. Anaipa ujana wa bastola nyingine. Anamchukua mlinzi wa zamu ya usiku, anamvika suti ya bwana harusi, kisha anawaambia wajukuu: babu yenu alikuwa hivi. Hakuwa hivyo! Alikuwa mtu wa koti zito na viatu vyenye matope, na chuma chake kilifanana naye.

Na kabla ya nikeli kuna kusaga, na kusaga ndiko kunakoniuma zaidi. Kutu ikishakula chuma huacha vishimo, na nikeli haizibi vishimo, hivyo fundi hana budi kukiteremsha chuma chote mpaka kilingane na kishimo kirefu kuliko vyote. Kingo zilizokuwa kali zinalainika kama sabuni iliyotumika. Maandishi ya kiwanda yanabaki kivuli. Matundu ya parafujo yanakuwa mabonde. Chuma kilichotoka hakirudi. Kutu unaweza kuituliza leo, kesho, au baada ya miaka kumi, lakini kilichosagwa kimekwenda na vumbi. Tena ogopeni hili: namba ya bastola ikifutika, kuwa nayo tu ni kosa la jinai kwa sheria ya shirikisho hapa Marekani. Urithi unageuka kesi.

Nilijifunza jambo hili utotoni kwa machozi. Babu yangu mzaa baba alipigana Burma akiwa na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akarudi na nyota ya shaba yenye ncha sita, na katikati yake herufi za mfalme. Bibi aliihifadhi kwenye kopo la chai. Mwaka mmoja, kukiwa na sherehe wilayani, baba yangu mdogo aliamua kuipendezesha. Alianza na majivu na ndimu, akaona haitoshi, akachukua msasa. Alikuwa na nia njema kabisa, alimpenda baba yake kuliko sisi sote. Jioni nyota ilikuwa inawaka, na herufi zilikuwa hazisomeki. Babu aliishika, akapitisha kidole pale katikati, akarudia tena, kisha akairudisha kwenye kopo bila kusema neno. Hakuivaa siku ya sherehe. Hakuivaa tena.

Ndiyo maana nilitetemeka kwa fundi.

Kwa sababu bastola ya mzee ina mambo ya kusomwa. Kwenye ncha ya mtutu ile ngozi ya kijivu imelika kabisa, chuma kiko wazi, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa panasuguana na ala ya ngozi kila alipoiingiza na kuitoa, zamu baada ya zamu. Upande wa kushoto, uliokuwa ukigusa mwili, una madoa meusi ya jasho. Na chini kidogo ya silinda kuna duara la kutu, dogo kama kitufe cha shati. Nilihangaika nalo siku mbili. Kisha nikaipima bastola ndani ya ala yake ya zamani na duara likakaa sawasawa juu ya ribiti ya shaba. Miaka yote bastola ililala ndani ya ala ile kwenye chumba cha chini ya nyumba, ngozi ikavuta unyevu, na dawa zilizotumika kuitengeneza ngozi zikawa zinakula chuma polepole. Ndivyo silaha nyingi za familia zinavyokufa: mtu anaifunga vizuri kwenye ngozi akidhani anaitunza. Kama mnayo nyumbani, itoeni kwenye ala leo.

Basi nikaamua kuifanya mwenyewe, kwa idhini ya mama mkwe, ambaye ndiye mrithi. Silinda ilikuwa imegoma kufunguka, na bastola iliyogoma huhesabiwa kuwa ina risasi mpaka ithibitike vinginevyo. Nilimulika tochi kwenye upenyo nyuma ya silinda nikaona vitako vitatu vya risasi, vya kijani kwa kutu ya shaba. Siku nne nikadondoshea mafuta ya kulegezea, mtutu ukiwa umeelekezwa kwenye ndoo ya mchanga, bila kutumia nguvu, bila kugusa kifyatulio. Siku ya tano ikaachia. Nikapiga simu polisi, wakaja kuzichukua zile risasi, wakaandika, wakaondoka. Hatua hii msiiruke. Risasi kuukuu si za kutupa jalalani wala za kujaribia porini.

Parafujo zake zinataka bisibisi inayojaa sawasawa kwenye mfereji, maana ile ya jikoni itautafuna. Kile kibati cha ubavuni kinachofunika mitambo ya ndani hakibanduliwi kwa kuingiza ncha ya kisu. Unaishika bastola, unaigonga fremu taratibu kwa mpini wa mbao, na kibati kinainuka chenyewe kwa mtikisiko. Nilipoutoa mpini wa mti nilikaa kimya kidogo. Chini yake ile ngozi ya kijivu ilikuwa nzima, kama jana, na ndani ya kipande cha kulia cha mpini kulikuwa na namba ileile iliyoko kwenye chuma. Haijawahi kubadilishwa. Mkono wa mzee na mti huu vilizeeka pamoja.

Sasa kutu yenyewe. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, nyinyi mnaotazama video za watu wakitosa silaha za babu zao kwenye siki usiku kucha. Siki inatoa kutu, sibishi. Inatoa pia rangi yote ya kiwanda iliyokuwa imebaki. Asubuhi unakuta chuma kitupu cha kijivu hafifu, na hapo ndipo watu wanaposema basi tupake nikeli. Kosa moja linaita jingine.

Njia niliyoitumia ni ya maji. Nilifungua vipande vyote, nikaweka kando mti na springi, nikaosha mafuta kwa sabuni mpaka chuma kikawa hakina mafuta kabisa, kisha nikavichemsha kwenye sufuria ya maji yasiyo na chumvi wala madini, yale tunayoongeza kwenye betri ya gari. Maji ya bomba hayafai, yanaacha madoa. Dakika ishirini za kutokota, na ile kutu nyekundu ikaanza kuwa nyeusi mbele ya macho yangu. Kinachotokea ni kwamba oksaidi nyekundu, ile inayovuta unyevu na kuendelea kula, inageuka kuwa magnetaiti, oksaidi nyeusi iliyotulia na kushikamana na chuma. Mafundi wa zamani walitumia kanuni hiyohiyo kuzipa bunduki rangi: walizipandisha kutu kwa makusudi, wakazichemsha, wakazisugua, wakarudia hadi weusi ukolee. Ukitoa kipande, unasugua kwa brashi laini, weusi uliolegea unatoka kama masizi, ulioshika unabaki. Nikarudia mara tatu. Nikavipaka mafuta vikiwa bado vya moto.

Kwa hiyo kutu ya mzee haikuondoka, imebadilika rangi na kuacha kula. Vishimo vipo. Duara la ribiti lipo, sasa ni jeusi kama wanja. Ncha ya mtutu iko wazi vilevile. Hakuna kilichoongezwa.

Nikubali yanayonilazimu kuyakubali. Kama bastola imeliwa kiasi cha kutosalia alama yoyote, na mtu anataka tu chuma chenye sura, apake anachotaka. Na anayetaka kuitumia hana haki ya kutegemea macho yangu wala yake: fundi mwenye ujuzi aipime silinda kama inakaa sawa na mtutu, aangalie vishimo ndani ya matundu. Hii yetu haitapigwa kamwe, nimeamua hivyo na mama mkwe ameafiki.

Wapo pia watakaoniuliza kwa nini nahangaika na chombo cha kuua, katika nchi ambayo watoto wanafundishwa shuleni namna ya kujificha risasi zikilia. Swali hilo silipuuzi. Wanangu wanasoma shule hizo. Mama mkwe angesema ipelekwe polisi ikayeyushwe, ningeipeleka mwenyewe. Lakini hakusema hivyo. Alisema baba yake alirudi nyumbani kila alfajiri kwa miaka mitatu, akaivua kiunoni, akaiweka juu ya kabati ambako hakuna mtoto angefika, ndipo akanawa mikono na kuwapikia mayai. Huyo ndiye anayetakiwa kukumbukwa, na chuma kilichosagwa hakimkumbuki mtu.

Shemeji bado amekasirika. Jana alinipigia, akasema nimeiacha na sura ya uzee. Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya, kisha akauliza duara lile la kutu ni la nini, maana hakuwahi kuliona. Nikamweleza habari ya ribiti. Akasema Jumapili atakuja kulipima kwenye ala, alihakikishe mwenyewe.

Kwa sasa imefungiwa kwenye kasha la chuma lenye vifuko vya kukausha unyevu, mbali na ngozi yoyote. Leo asubuhi nimeipitisha kitambaa cheupe chenye mafuta kuanzia mtutu hadi kipete, kuona kama kuna wekundu unaorudi. Hakuna.