Zulia la tangini hupandwa kama ukoka

Ukifuga samaki wa mapambo na ukatafuta mtandaoni namna ya kuotesha zulia la kijani kwenye sakafu ya tangi, haupiti muda kabla hujaletewa tangazo la pakiti ya mbegu. Mwaga, subiri siku chache, tangi lote kijani. Nawaomba msizinunue. Mimi nilinunua, na zikaniulia samaki.

Ziliota, tena upesi. Wiki ya kwanza nilikuwa nawaita watu wa nyumbani waje kutazama. Wiki ya tano majani yakawa rojorojo, mizizi ikaoza, maji yakaanza kunuka. Uozo huleta amonia, na amonia ni sumu: gapi tisa walikufa ndani ya siku mbili. Mara nyingi mbegu za pakiti zile ni za mimea ya nchi kavu au ya kandokando ya maji. Huchipua kwa akiba iliyomo ndani ya mbegu, kisha akiba ikiisha haiwezi kuishi ikiwa imezama. Picha kwenye pakiti niliyouziwa ilikuwa ya Hemianthus callitrichoides, mmea wenye asili ya Cuba, na majani yake madogo kabisa. Mmea huo huuzwa kwa miche, kwenye vikombe vya maabara, kama inavyofanywa miche ya migomba.

Hapa Dar es Salaam sote tumeona ukoka unavyopandwa uani. Hakuna anayemwaga mbegu. Unachukua vipande vyenye mizizi, unavichomeka kwa nafasi, na vyenyewe vinatambaa mpaka vikutane. Zulia la tangini ni vivyo hivyo. Eleocharis, ile inayofanana na nywele, hutuma vitambazi chini ya mchanga na kila hatua inachipua shina jipya. Glossostigma elatinoides, ya Australia na New Zealand, aliyoipa umaarufu Mjapani Takashi Amano kwenye matangi yake, nayo hutambaa, ila inadai mwanga mwingi sana.

Tena ushauri wangu ni kuanza bila maji. Mmea ulio ndani ya maji unahangaika kupata hewa ukaa, kwa sababu gesi husafiri ndani ya maji polepole mara elfu kumi hivi kuliko hewani. Maji yetu ya Januari na Februari, yenye nyuzi 29 au 30, hubeba gesi pungufu kuliko maji ya baridi. Sasa kwa nini uuzamishe mche ambao haujashika mizizi? Mkulima wa mpunga hulea miche kwanza kitaluni.

Mimi naweka udongo wa bustani usio na samadi, sentimita 2 au 3, naufunika kwa mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni uacheni: una vipande vya makombe na matumbawe, na chokaa yake hufanya maji kuwa magumu. Nalowesha mpaka udongo uwe tope bila maji kutuama juu. Nagawa miche vifungu vidogo, nachomeka kwa kibanio kila baada ya sentimita 2. Juu naziba kwa plastiki, nawasha taa kwa muda wa saa 10 hadi 12 kila siku, nanyunyizia maji, na kila siku nafungua dakika chache ukungu usishike. Wiki sita mpaka nane. Umeme ukikatika nusu siku, hakiharibiki kitu.

Wapo wanaosema bila mtungi wa kuingizia hewa ukaa majini hupati zulia. Kwa Glossostigma nakubaliana nao. Lakini Eleocharis na Marsilea hirsuta, mmea mwingine wa kutambaa, huendelea bila mtungi, taratibu tu, na kwa nyumba zetu naona huo ndio uchaguzi wa busara. Mtungi wa kufungua kwa mkono hauna habari kwamba umeme umekatika. Taa zinazimika, mimea inaacha kutumia gesi, mtungi unaendelea kuisukuma majini, na asubuhi unakuta samaki wako juu wanatweta. Simshauri mtu anayeanza aingie humo.

Siku ya kujaza, mimina juu ya sahani, polepole, mizizi isifukuke. Punguza muda wa taa uwe saa 6 tu kwa siku, maana mwani unasubiri nafasi hiyo hiyo. Badilisha nusu ya maji mara mbili au tatu kwa wiki kwa mwezi wa kwanza. Baadhi ya majani yataoza, kwa sababu yaliumbika hewani. Hapo usifukue kitu, angalia ncha: zikitoka mpya, mmea umekubali.

Likishaenea, kata. Hili wengi hulionea huruma, nami nawaelewa, baada ya miezi yote ile. Ila zulia likinenepa, tabaka la chini hukosa mwanga, hufa, na siku moja unakuta kipande kizima kimeng'oka kinaelea. Langu nalipunguza kila wiki ya tatu kwa mkasi mrefu, nanasa majani kwa wavu kabla hayajaingia kwenye chujio. Vifungu vyenye mizizi nachomeka kwenye beseni la tope kivulini, na mwezi huu jirani yangu amechukua vya kutosha kuanzia tangi lake.