Mnyoo tumemwandama, mguu tumeuacha

Mwaka 2005 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Kimang'a, kijiji cha wilaya ya Pangani, mkoani Tanga. Watu 72 wenye vimelea vya matende na mabusha waligawanywa kwa kura. Kundi la watu 34 lilipewa doksisaiklini, miligramu 200 kila siku kwa wiki nane, na 38 waliobaki wakapewa dawa bandia. Mgonjwa hakujua anameza nini, na aliyempa hakujua anampa nini. Miezi 14 baadaye wakapimwa kwa altrasaundi kutafuta minyoo wakubwa. Katika watu 27 waliopimwa upande wa doksisaiklini, minyoo walionekana kwa sita tu. Upande wa dawa bandia walipimwa 27 pia, na 24 bado walikuwa nao.

Altrasaundi ya namna hii ni kitu cha kutisha kidogo kukitazama. Mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, inaonekana imetanuka kwenye mfuko wa korodani, na ndani yake minyoo membamba kama uzi wanajinyonganyonga bila kupumzika, wamekusanyika mahali pamoja. Madaktari wa Recife, Brazili, walioieleza hali hiyo mwaka 1994, waliiona kama ngoma, na hadi leo wataalamu huiita ngoma ya filaria, kwa jina la minyoo hao wanaoenezwa na mbu. Mnyoo jike hufikia urefu wa sentimita nane hadi kumi, anaishi miaka mitano na zaidi, na muda wote huo anamwaga watoto kwenye damu. Dawa za kingatiba tunazomeza kila mwaka huwafagia hao watoto. Wazazi wengi hubaki hai. Kilichopatikana Kimang'a ni kwamba mzazi naye anaweza kufa, na anafia kwa njia ambayo wengi hawakuitegemea: ndani ya mwili wake anaishi bakteria aitwaye Wolbachia, na doksisaiklini inapomuua bakteria huyo, mnyoo hukosa uzazi kisha hudhoofika hadi kufa.

Nawashukuru watu wa Kimang'a kwa dhati. Kumeza kidonge kila siku kwa wiki nane bila kujua kama ni dawa au si dawa, halafu kurudi kupimwa mara kwa mara kwa zaidi ya mwaka, huo ni mchango mkubwa kwa elimu ya tiba ya dunia nzima. Nimesikia wasomi wetu wakizungumzia ugunduzi huu kana kwamba ulitoka maabara ya Ulaya ukiwa umekamilika. Ulithibitishwa kwenye miili ya watu wa Pangani.

Hata hivyo kuna jambo linalonikera, na ndilo lililonifanya niandike. Utafiti ule ulipima mnyoo, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Sisi tuliobaki, yaani wizara zetu, wafadhili, vyombo vya habari na hata familia za wagonjwa, tumechukulia kwamba mnyoo akishughulikiwa basi na mguu umeshughulikiwa. Sivyo hata kidogo.

Mama yangu mdogo ana tende mguu wa kushoto tangu kabla sijaanza shule. Kila msimu wa kingatiba anameza dawa zake bila kukosa. Mgawa dawa anakuja na fimbo yake ya kupimia urefu, anamsimamisha ukutani, anahesabu vidonge, anamwangalia akimeza, anaandika kwenye daftari na kwenda nyumba ya pili. Kwenye hesabu za taifa mama mdogo ni mafanikio. Mguu wake uko vilevile, na mara kadhaa kwa mwaka unawaka: homa kali, mtoki kinenani, ngozi nyekundu inayovutika, siku tatu nne hawezi kutoka kitandani.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba homa hizo ni za mnyoo. Kazi ya daktari Gerusa Dreyer na wenzake huko Recife ndiyo iliyosaidia sana kubadilisha mawazo hayo. Walipowafuatilia wagonjwa kwa karibu, mmoja mmoja, walikuta kwamba sehemu kubwa ya mashambulizi hayo yanaletwa na bakteria wa kawaida wanaopenya kwenye nyufa za ngozi, hasa katikati ya vidole vya miguu palipoliwa na fangasi. Mnyoo aliharibu njia za limfu zamani, pengine alishakufa. Maji ya mwilini yanayopaswa kurudi juu kupitia njia hizo yanatuama mguuni, na palipotuama maji kinga ya mwili hufika kwa shida. Kila shambulio linaacha ngozi ngumu zaidi, mikunjo zaidi, nyufa zaidi, na nyufa hizo zinakaribisha shambulio lingine.

Ikiwa hivyo ndivyo mguu unavyoharibika, basi dawa yake ya kwanza ni kuuosha. Nilikuwepo siku nesi mmoja alipokuja kumfundisha mama mdogo, na nilishangaa jinsi kazi ile ilivyo na ufundi. Aliomba beseni, maji safi yasiyo ya moto, sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali, na kitambaa laini. Akaanza juu gotini akishuka, akafungua kila mkunjo kwa kidole, akasugua taratibu, akasuuza mpaka maji yakabaki meupe. Kwenye vidole alikaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Akamwambia, "Mama, ukiosha halafu ukaacha unyevu hapa katikati, ni kama hukuosha." Akakausha kila upenyo kwa kugandamiza, bila kusugua, akatafuta mwanya wa fangasi, akaupata, akapaka krimu. Kisha akamwonyesha jinsi ya kuzungusha kifundo cha mguu akiwa amekaa, na namna ya kuinua upande wa miguuni wa kitanda kwa matofali ili usiku maji yarudi. Mama mdogo akamwuliza, "Mwanangu, hii nifanye mpaka lini?" Nesi akajibu kwamba ni kila siku, maisha yote. Hakumdanganya, na nilimheshimu kwa hilo.

Wapo watakaosema kuosha miguu ni ushauri wa bibi, si tiba. Lakini jambo hili limeshapimwa kwa kipimo kilekile tunachopimia dawa. Kaskazini mwa Ethiopia, Gojjam Mashariki, wagonjwa 696 wenye miguu iliyovimba walipangwa kwa kura: nusu wakaanza mara moja kufundishwa kuosha, kupaka mafuta, kufunga bandeji na kuvaa soksi na viatu, na nusu wakasubiri mwaka mmoja ndipo nao wakapewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliosubiri walipata wastani wa mashambulizi 23.9 kwa mtu kwa mwaka. Walioanza mapema walipata 19.4.

Najua msomaji mkali atasema tofauti hiyo ni ndogo. Nami nilipoisoma mara ya kwanza nilitegemea kubwa zaidi. Lakini mashambulizi manne na nusu ni homa nne na nusu ambazo mkulima hakuziugua, na kila moja ni siku kadhaa za shamba, mtoto aliyeenda shule badala ya kukaa na mgonjwa, na mkunjo mmoja pungufu kwenye ngozi. Tena namba hiyo ya 19.4 inatueleza jambo jingine zito: hata wenye matunzo bado wanaumia kupita kiasi. Hapo ndipo tafiti mpya zinapohitajika, na ndipo ninapoona uchache wake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wale wagonjwa wa Gojjam hawakuwa na mnyoo kabisa. Miguu yao ilivimba kwa ugonjwa unaoitwa podokoniosisi, unaowapata watu wanaotembea peku miaka mingi juu ya udongo mwekundu uliotokana na volkano. Chembe ndogo za madini hupenya ngozi ya unyayo na kuziathiri njia za limfu. Ernest Price, daktari aliyefanya kazi Ethiopia miaka ya 1970, alifikia hapo kwa kuuliza swali ambalo wengine walilipita: kwa nini watu wa nyanda za juu, kwenye baridi ambako mbu wa filaria hastawi, wana miguu kama ya watu wa pwani? Mwaka 2015 swali kama hilo liliulizwa tena Kamwenge, magharibi mwa Uganda, pale miguu iliyovimba ilipoonekana kwa wingi. Wachunguzi walipofika, jibu likawa podokoniosisi. Rwanda nako ugonjwa huu upo.

Ndiyo maana sipendi madaktari wetu wanapodharau taarifa ya mgonjwa mmoja wakiiona haina hadhi mbele ya jaribio la kuwapanga wagonjwa kwa kura. Jaribio hujibu swali lililokwisha ulizwa. Swali lenyewe mara nyingi huzaliwa pale tabibu wa zahanati anapomtazama mgonjwa asiyelingana na maelezo ya kitabuni, akaandika alichokiona: ametoka wapi, analima udongo gani, uvimbe ulianzia unyayoni au kinenani, miguu yote miwili au mmoja. Podokoniosisi huanzia chini, na kwa kawaida hushika miguu yote miwili. Kumpa mtu huyo dawa ya minyoo kila mwaka na kumwacha peku ni kumpotezea maisha.

Turudi pwani. Vimelea vya filaria vya kwetu hupanda kwenye damu ya juujuu usiku, saa ambazo mbu anauma, kwa hiyo kwa miongo mingi watafiti walipita vijijini kati ya saa nne na saa nane usiku wakichukua damu za watu. Katika nchi ambayo hadithi za mumiani zilitembea kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam tangu enzi za ukoloni, fikiria uzito wa jambo hilo. Mgeni anagonga mlango usiku, ana taa na sindano, anataka damu. Watu walimfungulia. Siku hizi kipo kipimo cha haraka kinachotambua dalili za mnyoo mkubwa kwa tone la kidole hata mchana, lakini wale wazee waliofungua milango usiku ndio waliotufikisha hapa.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, walifungua na vyoo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti, akiwemo mtaalamu wa mbu Chris Curtis, waliwapa wananchi dawa ya kuua vimelea na papo hapo wakamwaga punje nyepesi za plastiki kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Punje zinaelea na kufunika maji, mabuu ya mbu yakipanda kuvuta hewa hayapati nafasi, na mbu hapati pa kutagia. Vimelea na mbu wote wawili walishuka sana na kubaki chini. Ni kazi safi kabisa, na nasikitika kwamba haitajwi inavyostahili tunapojadili kutokomeza matende.

Sisemi kingatiba haina maana. Ilipoanza Mafia mwaka 2000 ilikuwa hatua kubwa, na ninaimeza. Jaribio la Papua New Guinea lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba dozi moja ya dawa tatu, yaani ivamektini, albendazoli na ile iitwayo DEC, iliwafanya asilimia 96 wawe hawana vimelea kwenye damu baada ya mwaka, wakati dozi moja ya dawa mbili, DEC na albendazoli, iliwasaidia asilimia 32. Kenya ilianza kuzitumia hizo tatu mwaka huohuo, Lamu na Jomvu. Tanzania Bara haiwezi kuzisambaza kila mahali hivihivi, kwa kuwa sehemu kama Mahenge, mkoani Morogoro, zina usubi, ugonjwa wa minyoo mwingine unaoweza kupofusha, na DEC kwa mwenye usubi inaweza kumletea madhara makali hadi machoni. Haya ni mambo ya kufurahia na ya kuelezwa kwa watu kwa lugha wanayoielewa.

Lakini mpango wa dunia ulioanza mwaka 2000 una nguzo mbili tangu mwanzo: kukata maambukizi, na kuwahudumia waliokwisha kuathirika. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanaume milioni 25 wana mabusha na watu zaidi ya milioni 15 wana uvimbe wa limfu. Busha lina upasuaji, wengi hupona wakaendelea na maisha yao, na anayebaki akilaumu maji ya dafu anachelewa bure. Mwenye tende hana upasuaji wa kumaliza shida yake. Ana sabuni, maji, krimu ya fangasi, viatu vya kumtosha, na mtu wa kumfundisha. Nguzo yake hii ya pili, kwingi nilikopita, ni karatasi.

Nataka vitu vinavyoshikika. Beseni, sabuni na krimu viwekwe kwenye orodha ya mahitaji ya zahanati kama ilivyo kwa dawa ya malaria. Daftari la mgawa dawa liwe na safu ya waliovimba, ili kila mmoja wao atembelewe. Na kila utafiti uliochukua damu ya kijiji urudi kusomwa kwenye mkutano wa kijiji hicho, kwa Kiswahili, na aliyepewa dawa bandia aambiwe kwamba alipewa dawa bandia, na kwa nini.

Msimu ujao wa kingatiba, mgawa dawa akifungua daftari nyumbani kwako, muulize waliovimba wameandikwa ukurasa gani. Ikiwa hawapo, lipeleke swali kwa mtendaji, kisha kwa mganga mfawidhi, na uulize krimu ya fangasi inakuja lini.