Sauti ya bibi ilipita, haikurekodiwa

Juzi nilizungumza na bibi kwa video saa nzima. Nilimwomba nimrekodi akisimulia walivyokutana na babu, akakubali, nikabonyeza kitufe chekundu. Usiku nikafungua faili. Nilijisikia mimi tu: "ehe", "kisha?", "kweli, bibi?", na katikati kimya kirefu. Nilikuwa nimevaa hedifoni, na programu ilikuwa imesikiliza maikrofoni peke yake.

Kinachoniuma ni kwamba njia ilikuwepo. Kwenye Linux, PulseAudio, programu inayosimamia sauti ya kompyuta, hukipa kila kifaa cha kutolea sauti pacha wake, "monitor". Kila kinachopelekwa kwenye spika pacha huyo anacho, na unamrekodi kama unavyorekodi maikrofoni, bila waya na bila kelele za chumbani. PipeWire, programu mpya zaidi ya kazi hiyohiyo, ambayo Fedora, moja ya matoleo ya Linux, iliifanya mfumo wake wa kawaida wa sauti mwaka 2021, nayo inaye. Amri moja ingetosha:

parecord --device=@DEFAULT_MONITOR@ bibi.wav

Sasa kwa nini pacha huyu afichwe hivi? Programu inaanza na maikrofoni wala haiulizi. Ukimtaka, ufungue pavucontrol, dirisha la mipangilio ya sauti, uende sehemu ya kurekodi, tena wakati programu yako tayari inarekodi, maana kabla ya hapo haionekani, ndipo ubadilishe chanzo. Mtu anayetaka kuhifadhi sauti ya mzazi wake atayajulia wapi hayo? Atajua baadaye, kama mimi, faili likiwa tupu. Anayebonyeza "rekodi" aulizwe swali moja: sauti yako, sauti ya kompyuta, au zote mbili? Kuchanganya zote mbili ndiko kugumu zaidi leo, na ndiko kunakohitajika zaidi katika mazungumzo.

Kwenye macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, watu husakinisha kifaa bandia cha sauti kama BlackHole ili kurekodi sauti ya kompyuta. Haifai kuwa hivyo.

Wapo wanaotaja faragha. Haya, nakubali: programu yoyote ninayoiendesha ingeweza kumsikiliza pacha huyo kimyakimya. OpenBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, humwacha amezimwa mpaka mwenye mashine amwashe kwa amri ya programu yake ya sauti, sndiod -m play,mon, na hilo naliheshimu kwa sababu limeandikwa wazi kwenye mwongozo. Kuomba idhini yangu ni sawa. Kunificha mlango sikubali.

Bibi amesema atasimulia tena Jumapili. Nimeshajaribu ile amri mara tatu, inafanya kazi. Ila mara ile ya kwanza, alipofika kwenye barua ya babu, alicheka, kisha akanyamaza kitambo. Hilo sijui nitamwombaje alirudie.