Jamani, Haipai!

Swali ni lilelile hapa Dar, uwe Tandika uwe Mikocheni: "Inapaa?" Haipai. Ni ndege ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe kipande kwa kipande, ya kuiweka kabatini tu, ina urefu wa sentimita 16.8, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni sentimita 13.1. Inaenea kwenye sahani ya pilau na nafasi ya kachumbari inabaki. Muulizaji anakutazama kwa huruma, kama umenunua kuku wa udongo. "Sasa kama haipai, kaka, ya nini?" Ukikaa kumjibu daladala itakuacha.

Halafu kuna balaa la jina. Wenye mchezo huu boksi lake wanaliita "kiti", yaani "kit", neno la Kizungu lililovalishwa irabu ya kwetu. Mwambie shemeji umeagiza kiti cha bei mbaya kutoka nje, atakaa mlangoni kukisubiri akikalie. Kinafika kiboksi chepesi, ndani fremu za plastiki ya kijivu zilizoshika vipande vya ndege, na kwenye fremu hizo ndiyo kuna viti kweli, viwili, vya kulaza juu ya ukucha wa dole gumba. Kiti chenye viti. Tuite seti, yaishe.

Seti yenyewe ni ya L-39 Albatros, jeti ya kufundishia marubani wa jeshi, kwa kipimo cha 1/72. Maana yake sentimita moja mezani ni sentimita 72 uwanjani. Ndege halisi iliundwa Chekoslovakia, kiwanda cha Aero kule Vodochody, kaskazini ya Prague, na iliruka mara ya kwanza 4 Novemba 1968. Zimetengenezwa zaidi ya 2,800, na majirani zetu Uganda wamezirusha. Kwa lugha ya mjini, hili ni gari la shule ya udereva lenye mabawa: mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma kainuliwa kidogo ili aone anakopelekwa. Hata herufi L ipo tayari, haihitaji kibandiko. Tofauti ni kwamba huyu mwalimu mambo yakimshinda ana kiti cha kumrusha nje. Mwenzake wa Kinondoni ana breki ya pembeni na dua.

Basi anza. Osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu zimetoka kwenye kalibu na mafuta, na rangi haishiki mafuta. Kila kipande kikate mara mbili: kwanza mbali, ukiache na kishina, halafu kata kishina karibu na umalizie kwa msasa. Wenye haraka wanakata mara moja shingoni, plastiki inapauka na kuondoka na kinofu cha bawa. Kikatia kucha kinatosha kabisa, ilimradi usikirudishe kimyakimya kwenye droo ya mama watoto kikiwa butu.

Kipande kikibanwa vibaya na kibano kinafyatuka, na hapo ndipo unapogundua kuna kitu kwenye boksi hili kinapaa. Kinapaa vizuri sana, na kinatua chini ya kabati, kwenye vumbi la tangu mlipohamia. Dawa ni kukatia ndani ya mfuko mkubwa unaoonyesha ndani, ila mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, kwa hiyo tandika shuka jeupe mapajani. Si kanga. Gurudumu la kijivu likiingia kwenye maua ya kanga limekwenda.

Chumba cha marubani kinajengwa na kupakwa rangi kabla ya kufunga kiwiliwili, maana kikishafungwa kidole hakiingii. Mikanda ya viti seti nyingi hazina. Chukua karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, kata nyuzi za nusu milimita na ushee, laza kitini. Kiti cha nyuma kikae juu kuliko cha mbele. Ukivilinganisha umeondoa ualimu wote kwenye ndege, wamebaki abiria wawili wa bajaji.

Sasa sikilizeni habari ya pua, kwa sababu ndipo wengi wanapoaibika. Modeli hii inasimama kwa magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, na plastiki yake nyingi iko nyuma ya yale mawili. Usipoweka uzito puani itakaa mkia chini, pua juu, kama bodaboda aliyebeba magunia matatu ya mkaa. Gramu tano hadi kumi zinatosha kwa saizi hii, lakini usibahatishe. Shikiza vipande vikubwa vyote kwa selotepu, egemeza mabawa juu ya vidole viwili pale miguu ya nyuma itakapokaa, ongeza uzito mpaka pua iiname, kisha ongeza kidogo tena, kwa sababu rangi nayo ina uzito.

Uzito unapatikana Feri, kule soko la samaki, kwa wauza nyavu na ndoano: chubwi ndogo za risasi. Utaulizwa unavua nini. Sema unavua ndege, uondoke. Lakini chubwi usizigandishe kwa gundi nyeupe ya mbao. Risasi na gundi ile havipatani: miaka ikipita risasi inaota unga mweupe, unga unavimba, na siku moja pua inapasuka yenyewe kabatini kama embe lililoiva. Tumia gundi ya kuchanganya, ile ya tyubu mbili. Halafu nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika ugali, risasi ni sumu.

Kwenye kuunganisha kiwiliwili watu wanakimbilia supagluu ya dukani kwa Mangi. Plastiki hii inataka gundi yake, nyembamba kama maji, ambayo kwa kweli haigandishi bali inayeyusha. Unabana nusu mbili, unagusa ufa kwa brashi, gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa. Minya kidogo mpaka plastiki laini itokeze kama usaha mwembamba (samahani kwa wanaokula), kisha iache siku nzima. Siku nzima, si "nimeona imekauka". Ukipiga msasa mapema plastiki bado inasinyaa, na wiki mbili baadaye, juu ya rangi yako nzuri, ufa unarudi kama mdeni wa kikoba aliyesikia umepata mshahara. Kwa matundu yaliyobaki, changanya supagluu na poda ya mtoto, jaza, na upige msasa ndani ya saa moja. Ukingoja kesho imekuwa jiwe, utaisha msasa na plastiki ya pembeni yake.

Msasa wenyewe anza namba 400, nenda 600, malizia 1000, kwa maji. Ndege haipai, wewe ndiye unayeipaa, kama changu wa Feri, magamba yanaruka mpaka kwenye nyusi. Pa kuchubuka zaidi ni kwenye matundu ya hewa ya injini, pembeni nyuma ya kioo cha marubani. Sawazisha mstari wa kuungia kabla gundi haijashika, baadaye msasa haufiki humo. Na yale matangi ya ncha za mabawa, shika ndege mbele ya uso, fumba jicho moja, hakikisha yanatazama mbele yote mawili. Moja likiangalia Kigamboni na jingine Ubungo, hakuna rangi itakayolificha.

Vioo ndiyo mtihani. Hapa supagluu ni haramu. Moshi wake unatua kwenye kioo na kuacha ukungu mweupe, na unyevu wa hewa ndio unaoiamsha gundi hiyo. Dar unyevu tunao wa kugawa. Ukifunga kioo kukiwa na supagluu mbichi ndani, kesho asubuhi marubani wako wamo ndani ya nyumba ya kufukizia udi. Kwa vioo, gundi nyeupe ile ile tuliyoinyima pua ndiyo yake: haina moshi, ikikauka inaonyesha. Ukitaka kuviacha wazi, vya L-39 vinafunguka kwa ubavu, vyote upande wa kulia wa rubani. Wengine wanavifungua kwa nyuma kama buti ya Vitz, halafu wanakasirika wakisahihishwa.

Rangi. Hapa jiji zima linakushukia. Kwanza fundi wa gereji anayejua kila kitu: "Bosi, weka tina tu." Tina ya rangi ya magari inayeyusha plastiki hii. Bawa linalainika, linaota mikunjo, linakuwa kaimati. Kama rangi yako ni ya mafuta, ipunguze kwa tapentaini, na chochote kigeni kijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu. Fremu tupu usitupe, ndiyo mgonjwa wako wa majaribio.

Pili hali ya hewa. Ukipuliza rangi ya kung'aa wakati wa masika, kimiminika kinaruka haraka, uso wa plastiki unapoa, unyevu unatua juu yake, na ndege nzima inapauka kama miguu isiyopakwa mafuta. Ngoja Juni hadi Agosti hewa inapokauka kidogo, au walau saa nne asubuhi jua likiwa limeshanyonya umande. Ila ukichelewa mpaka saa nane, joto nalo linadai haki yake: rangi za maji zinakauka hewani kabla ya kufika, zinatua kama chenga, na ncha ya brashi ya hewa, ile mashine ya kupulizia rangi, inaziba kila dakika. Ifanye rangi iwe nyepesi kama maziwa ya ng'ombe, si mtindi, shusha presha, sogea karibu. Na katikati ya koti la pili la rangi, upande mmoja umemaliza na mwingine bado, umeme unakatika. Hakuna maelekezo ya boksi yoyote duniani yenye picha ya hatua hiyo. Kama huna mashine, brashi ya mkono inafaa: makoti matatu au manne mepesi, kila moja likauke kabisa kabla ya jingine.

Kukaushia usitoe barazani. Nje kuna vumbi la barabara, na kuna kunguru. Kunguru wa Dar akiona kitu kidogo kinachong'aa anajua ni cha kwake. Funika kwa ndoo safi, ndani, na uzime feni. Ndiyo, uzime feni. Ni mateso.

Zikifika alama za jeshi, zile stika za maji, uso wa ndege lazima uwe na varnishi ya kung'aa. Uso wenye chenga unafungia hewa chini ya stika, inametameta fedha kama mfuko wa chipsi. Loweka sekunde 20 hivi, subiri ilegee yenyewe, isukume na usiivute. Maji ya kisima ya chumvi acha, yakikauka yanabakiza madoa meupe. Toa kikombe cha maji ya kunywa, nyumba haitafilisika. Stika ikigoma kulala kwenye mistari, siki iliyozimuliwa na maji kidogo inailainisha. Ndege itanuka kachumbari mpaka kesho, vumilia, kisha ipulize varnishi isiyong'aa.

Mwisho kabisa ndiyo vijiti vya kupimia mwendo mbele ya mabawa. Vya plastiki havidumu hata kwa pumzi, weka sindano nyembamba ya kushonea, ikate fupi. Miguu, magurudumu, na imesimama. Pua chini, mkia juu, adabu tupu.

Unaiweka juu ya kabati la TV, pale kwenye kitambaa cha kufuma, mbali na wanaofuta vumbi kwa dasta mbichi. Jumapili wanakuja wageni na mtoto wao.

"Shikamoo anko."

"Marahaba."

"Anko, inapaa?"

Na kabla hujafungua mdomo, imeshapaa. Mita mbili nzima, juu ya stuli, mpaka kwenye bakuli la maharage. Na kwa kuwa chubwi uliweka za kutosha, imetangulia pua.