Nyumba ni ya Mke Wangu, Nyufa ni Zangu

Nyumba tunayoishi hapa Kibaha mke wangu aliachiwa na marehemu baba yake, na siku ya kugawa urithi ndugu zake wote waliridhia aichukue yeye bila ubishi wowote, jambo lililonishangaza sana kwa kuwa katika ukoo ule hata ungo uliotoboka hugombewa. Hati ina jina lake, na kodi ya jengo inakatwa kwenye luku yenye jina lake. Nyufa tu, kwa utaratibu ambao sikuwahi kushirikishwa, ndizo zangu.

Kwa asiyewahi kuishi juu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba, naomba nieleze maisha yalivyo. Wakati wa masika mlango wa chumbani haufunguki, na wakati wa kiangazi haufungiki. Seremala alipoitwa aliung'oa, akaupiga randa ukingo wa chini, akalipwa, akaondoka na furaha yake. Kiangazi kilipoingia ukabaki mwanya ambao paka wa jirani aliufanya njia yake halali ya kupita. Tukapigilia ubao kuziba mwanya, masika yakaja, ubao nao ukapigwa randa. Seremala huyo sasa ananiamkia kwa heshima kuliko wanangu wa kuwazaa, na mvua ikichelewa hunipigia simu kuulizia hali ya mlango.

Ufa mkubwa wenyewe unaanzia kwenye pembe ya dirisha la jikoni, unapanda ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya matofali hadi chini ya mkanda wa zege. Kule juu kinaingia kidole gumba; huku chini haiingii hata kadi ya NIDA. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba ufa uliotanuka juu na kubana chini ni ushahidi kuwa kona ya nyumba ndiyo iliyoshuka, ila mafundi wote niliowaita kabla ya hapo waliutazama ufa kwa makini mno na hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama ardhi. Mmoja aliukwangua akapiga lipu mpya. Mwingine aliibandua lipu ya mwenzake huku akimsema vibaya, akapigilia wavu wa kuku, akapaka lipu nzito juu yake, na mvua zilipoanza ufa ukatokea palepale, safari hii ukiwa na waya zinazochungulia. Alikuja pia bwana mmoja mwenye maneno matamu aliyependekeza nguzo kubwa ya zege ya kuuegemeza ukuta kwa nje. Nilipomwuliza nguzo hiyo nayo itaegemea nini, akanijibu bila kupepesa macho, "Ardhi, mzee."

Aliyetutoa gizani ni kijana mhandisi, mpwa wa jirani. Alifika, akatoa shikamoo, akakataa chai, akaomba jembe, kikaango na chupa ya kunyonyeshea mtoto. Mke wangu alitoa jembe kwa moyo mkunjufu. Kijana akachimba kando ya kona ya jikoni, akaupita udongo wa juu, akatoa bonge la mfinyanzi, akalikausha juu ya jiko kwenye kikaango cha chapati mbele ya macho ya mwenye kikaango, akalitwanga na kulichekecha kwa chujio la chai. Kisha akapima unga wake mililita 10 kwa bomba la sindano la dawa ya watoto, akaumimina taratibu ndani ya chupa iliyojaa maji, akatuamuru tusiiguse mpaka kesho. Usiku ule nilikwenda kuichungulia kwa tochi kana kwamba kuna mgonjwa. Asubuhi unga uliokuwa umelala kwenye alama ya 10 ulikuwa umepita alama ya 20, na hakuna aliyeongeza hata chembe. Kijana akasema kipimo cha maabara hufanywa kwa vyombo bora kuliko hivi, lakini jibu ndilo hilo: udongo usioongezeka hata nusu ya ujazo wake kwa kawaida hauna ugomvi na mtu, ila ukishafika maradufu, nyumba nyepesi iliyo juu yake iko mashakani.

Mkosaji ni madini yanayoitwa montimorilonaiti. Yamepangwa katika tabaka nyembamba mno na maji hupenya katikati yake, mfano wa daftari lililotumbukia kwenye ndoo: haliongezeki kurasa hata moja, lakini halikubali tena kufungika. Jua likiwaka maji hutoka, tabaka zinasinyaa, ardhi inapasuka mipasuko ambayo kuku huangusha vifaranga ndani yake. Kijana akaongeza kwamba gramu moja tu ya madini hayo, tabaka zake zikitandazwa zote, ina eneo linaloweza kufikia mita za mraba 800, yaani kiwanja kizima cha mita 20 kwa 40. Namshukuru Mungu kwamba madalali hawajapata habari hii.

Kilichoniuma zaidi ni kuelezwa kwamba ghorofa zito lenye msingi wa kina hukaa juu ya udongo huu bila kelele nyingi, kwa kuwa uzito wake unaweza kuukandamiza, ilhali nyumba ya kawaida ya bati na tofali za inchi 6 hunyanyuliwa na kushushwa kadiri udongo unavyopenda. Tunaonewa kwa sababu tu ya kuwa wepesi. Kijana alijaribu kunifariji kwamba hata Marekani wamelia: mwaka 1973 wahandisi wawili, Jones na Holtz, walikadiria kwamba udongo unaovimba huwatia Wamarekani hasara ya dola bilioni 2.3 kila mwaka, zaidi ya mara mbili ya hasara ya mafuriko, vimbunga na matetemeko ya ardhi yakijumlishwa. Nilimshukuru. Mke wangu aliuliza kama katika fedha hizo kuna sehemu yoyote itakayofika Kibaha.

Hukumu ya mhandisi ilikuwa kwamba nyumba haisumbuliwi na maji wala haisumbuliwi na ukame, bali inasumbuliwa na kutolingana kwake. Kona ya jikoni imeshuka kwa sababu mkaratusi uliopandwa na marehemu baba mkwe hatua chache kutoka ukutani unanyonya maji yote ya upande ule. Kona ya bafuni imeinuka kwa sababu bomba lililofukiwa lilikuwa likivuja kimyakimya. Na pembeni pote bati lisilo na mifereji linamwaga mvua miguuni pa ukuta. Nyumba yote ingepanda na kushuka kwa pamoja, tusingejua hata kama inatembea.

Shemeji yangu mkubwa, ambaye katika suala la lipu hakuwahi kuchangia hata kifuko kimoja cha saruji, aliposikia habari za mti alifika alfajiri na shoka. Mhandisi akamzuia. Alisema mti mkubwa ukikatwa kwa mkupuo, udongo uliozoea kunyonywa unarudisha maji yake na kuvimba, na kona iliyoshuka inaweza kuanza kuinuka kwa namna isiyotabirika. Kwa hiyo upunguzwe matawi kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Tangu hapo mti umekuwa agenda ya ukoo. Kwa kuwa ulipandwa na mkono wa marehemu, kila tawi linahitaji kikao, na kila kikao kinahitaji pilau, na pilau, nadhani mmeshakisia, iko upande wangu pamoja na nyufa.

Halafu likaja agizo lililonivunjia heshima mtaani. Kabla ya kazi ya kurekebisha msingi kuanza, upande wa jikoni usiachwe ukauke kabisa. Uwe unaloweshwa kiasi, kwa usawa, jioni jua linapozama. Basi mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikawa natoka kila jioni na keni ya bustani na kumwagilia maji mahali ambapo hapana mchicha wala ua, ila ukuta. Maji yenyewe, kwa kuwa bomba lina siku zake, nilikuwa nayanunua kwa madumu. Jirani alinitazama siku kadhaa kwa staha, mwishowe uzalendo ukamshinda, akaniuliza kama ninamwagilia nyumba. Nikamjibu ndiyo. Jioni iliyofuata watoto wa mtaa walikuwa wamejipanga kwenye ua wanasubiri ioteshe ghorofa.

Kazi yenyewe ya kuuongezea msingi kina ni ya kushindana na papara. Ukuta uligawanywa vipande vya mita moja na ushee, kila kipande kikaandikwa namba kwa chaki nyekundu, na agizo likawa kwamba vipande vinavyopakana visichimbwe kwa wakati mmoja, kwa sababu ukichimba mtaro mzima kwa pamoja ukuta unabaki hauna kitu chini yake. Namba zile zilinigharimu. Tangu bomoabomoa ya Kimara ya mwaka 2017, ukiandika chochote kwa rangi nyekundu ukutani kandokando ya Barabara ya Morogoro watu wanajua maana yake, hivyo wakaja akina mama wa mtaani na vitenge vyao kutupa pole, na mmoja akauliza kwa upole kama mabati tutayauza.

Vibarua nao hawakuelewa kwa nini wachimbe kipande cha kwanza, waruke, wachimbe cha nne, waruke, kisha wakae wakisubiri zege likomae huku pembeni pana ardhi nzuri inayochimbika. Waliliona jambo hilo kama mbinu yangu ya kuwacheleweshea malipo. Kila shimo lilishuka mpaka likazidi kimo cha mchimbaji, likaupita udongo unaobadilika na misimu, likafika kwenye udongo mgumu usiojali kama ni masika au kiangazi. Hapo zege likamiminwa, lakini lisifike juu kabisa. Likaachwa inchi 3 chini ya msingi wa zamani. Fundi mkuu, mzee mwenye kofia ya balaghashia na uzoefu wa miaka mingi, alikasirika. Kwa nini tusijaze mpaka juu tumalize? Mhandisi akaeleza kwamba zege likikauka hunywea, na ukijaza mpaka juu leo, kesho msingi wa zamani utakuwa unaning'inia juu ya mwanya usioonekana. Kwa hiyo nafasi ile hujazwa siku inayofuata kwa saruji na mchanga ulioloweshwa kidogo tu, kiasi cha kushikana ukiufumbata kiganjani, na kushindiliwa kwa nyundo na kipande cha ubao mpaka ulie mlio wa jiwe.

"Mimi nimeanza kujenga wewe hujazaliwa," alisema fundi.

"Ndiyo maana nami nina kazi, mzee wangu," alijibu kijana.

Hawakusemezana mpaka saa ya chakula.

Waligombana tena wakati wa kufukia. Fundi alitaka mchanga, kwa kuwa hushindilika kirahisi. Kijana akasema mchanga uliozungukwa na mfinyanzi ni kuuchimbia msingi kisima, maji yataingia na hayatakuwa na pa kutokea. Tukarudisha udongo uleule uliochanganywa na chokaa, ambayo huupunguzia tabia ya kuvimba, ukashindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimita 15. Muuza duka wa Maili Moja aliponiona nabeba mifuko yote ile ya chokaa aliniuliza ninapaka shule gani. Sakafu ya zege ikazungushwa nyumba nzima, upana unaozidi mita moja, ikiinamia nje, na nailoni ngumu chini yake. Mifereji ya bati ikawekwa, ikaelekezwa kwenye tangi. Bomba la bafuni likabadilishwa na kupitishwa mahali linapoonekana, ili likivuja livuje hadharani.

Sasa fikirini hali yangu. Fedha zote zimezikwa. Mtu anayejenga uzio ana uzio wa kuonyesha, na anayebadilisha bati ana bati linalong'aa hadi kituo cha daladala. Mimi nina mashimo yaliyofukiwa. Mashemeji walipokuja kukagua walizunguka nyumba, wakaukanyagakanyaga ule ukingo wa zege, wakaingia jikoni, wakaukuta ufa uko palepale, kidole gumba bado kinaingia. Mkubwa wao akanitazama kwa muda, akamtazama dada yake, akasema, "Haya." Ninaijua maana ya "haya" ya namna hiyo. Ni "haya" ya kikao kijacho.

Ufa uko pale kwa sababu mhandisi amekataza usizibwe. Amechora mistari ya penseli kukatiza ufa, ameandika tarehe pembeni, na amesema yapite masika kamili na kiangazi kamili. Mistari isipoachana, ndipo ushonwe kwa nondo nyembamba na kupigwa lipu mara moja tu. Mpaka leo haijaachana, nami huikagua kila asubuhi kabla sijanawa uso. Lakini mke wangu ana mpwa anayefanyiwa sherehe ya kuagwa hapa nyumbani, na kwa maoni yake wakwe wapya hawawezi kupokelewa kwenye ukuta wenye ufa ulioandikwa tarehe kama shajara. Amekwisha kumwita fundi rangi. Alifika na ndoo yake, brashi kubwa na brashi ndogo, na nikamkuta ameshaanza kuulowesha ukuta kwa kitambaa, milimita chache tu kutoka kwenye mistari ya penseli. Nikamshika mkono, nikamwomba kwa heshima zote arudi baada ya masika.

Akashusha ndoo, akautazama ufa, akanitazama mimi. "Masika ya mwaka gani, mzee?"