Tumbusi hana ugomvi na mfugaji, lakini ndiye anayekufa

Mfugaji anaamka alfajiri anakuta miiba ya boma imebomolewa, na hatua chache nje kuna ng'ombe aliyeliwa nusu. Anajua simba atarudi usiku kumalizia. Anajua pia kwamba katika duka la pembejeo zipo chengachenga za sumu ya wadudu ambazo bei yake haifiki hata ya mbuzi. Anazinyunyiza kwenye nyama na kuondoka. Ikifika saa nne, jua limepanda na hewa imepata moto, wa kwanza kufika pale si simba. Ni tumbusi.

Februari 2018, katika eneo la Ruaha, kusini mwa Tanzania, simba 6 walikutwa wamekufa kwa sumu. Tumbusi waliokufa pamoja nao walikuwa 74.

Wengi wetu tumekua tukimwona tumbusi ni ndege wa nuksi, mwenye shingo ya kutisha, na jina lake tunatukania walafi. Hatukufundishwa maajabu yake. Tumbusi wa Afrika hatafuti mzoga kwa kunusa; anatumia macho, wala hatafuti peke yake. Kila mmoja huko angani anamwangalia mwenzake aliye mbali. Mmoja akishuka, jirani anamwona na kumfuata, naye anaonwa na wa tatu, mpaka ndege wa kilomita nyingi wanamiminika mahali pamoja. Mwaka 1973 tumbusi wa aina ya Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, Ivory Coast, katika futi 37,000, yaani zaidi ya kilomita 11 kwenda juu. Binadamu angezimia huko kwa kukosa hewa, ila damu ya ndege huyu imeumbwa kunasa hata oksijeni iliyo haba. Halafu kuna tumbo lake: asidi iliyomo ni kali kiasi cha kuua vimelea vya kimeta.

Kinachoniuma ni kwamba maajabu hayohayo ndiyo yanayommaliza. Kwa kuwa wanaitana kwa macho, mzoga mmoja wenye sumu unakusanya mamia. Nchini Botswana, mwaka 2019, tumbusi 537 walikufa kwenye mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu na majangili. Jangili anamchukia kwa sababu kundi likizunguka angani linamwonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipoangushwa. Tumbo linaloshinda kimeta haliwezi kitu mbele ya kabofurani, sumu ya wadudu kama ile ya dukani. Na jike hutaga yai moja tu kwa msimu, tena baada ya kusubiri miaka mitano au zaidi ndipo aanze kuzaa. Wale 74 wa Ruaha hawarudishwi kwa mwaka mmoja wala mitano.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaomwita mfugaji katili kisha wakaishia hapo. Ng'ombe ni ada ya mtoto, ni mahari, ni akiba ya siku ya ugonjwa. Tanzania ina kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo kwa waliodhuriwa na wanyamapori, tangu mwaka 2011, na jina lenyewe linakueleza: ni pole, si fidia. Mgeni anayelipa kumpiga picha simba mchana hamsikii simba huyo akinguruma nyuma ya boma usiku. Anayefaidika na simba na anayelipia simba ni watu wawili tofauti, na hoja hiyo ya mfugaji ni nzito.

Lakini sumu haichagui. Inaua mbwa wa boma lilelile, inaua fisi na bweha, na mtoto anayechunga anaweza kuishika kwa mkono. Tumbusi akiisha, hasara inamrudia mwenye mifugo. Mtafiti Darcy Ogada na wenzake walifanya jaribio Laikipia, Kenya: mizoga isiyofikiwa na tumbusi ilichukua karibu mara tatu ya muda kuisha, na wanyama wengine wakazidi kukutana juu yake, hali ambayo magonjwa huipenda. India wameyaona makubwa zaidi. Tumbusi mgongo-mweupe wa huko walipungua kwa zaidi ya asilimia 99 kati ya mwanzo wa miaka ya 1990 na 2007, kwa sababu ya diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, ikawaua tumbusi waliokula mizoga yao. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa pamoja nao. Wachumi wamekadiria kwamba pengo hilo lilichangia vifo vya ziada vya watu kama 500,000 kati ya 2000 na 2005.

Mwaka 2006 India ilipiga marufuku diklofenaki kwa mifugo, na hapa ningependa tusome kwa makini. Mfugaji wa India hakuambiwa amwache ng'ombe wake aumie. Ilikuwepo meloksikamu, dawa ya kazi ileile isiyomdhuru tumbusi. Kwetu, nchi ikifunga mlango wa sumu moja bila kumpa mfugaji kitu mkononi, atapita dirishani kwa sumu nyingine. Naunga mkono marufuku na adhabu, ila hazitoshi.

Kitu cha kumpa kipo. Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, wapo wafugaji waliozungushia boma uzio hai: miti inayopandwa ikashika mizizi, na kati yake wavu wa chuma. Simba hapenyi, na miti inazidi kunenepa badala ya kuoza kama miiba. Wavu una gharama ambayo familia masikini haiwezi peke yake, kwa hiyo naona fedha ya utalii ianzie hapo kabla ya semina na mabango. Uzio hausaidii ng'ombe akikamatwa mchana malishoni. Huko anahitajika mchungaji mtu mzima badala ya mtoto wa miaka minane, na kifuta jasho kinachofika mapema, kabla hasira haijafika dukani.